Kichwa cha Nani? Historia Fupi ya Kulandanisha Picha za Ubongo

Jirani yangu hapa Kyebando aliporudi kutoka Mbale mwaka juzi, alikuwa na mtoto mgongoni na bahasha kubwa ya kahawia mkononi. Mtoto alizaliwa salama, akapata homa kali katika wiki za mwanzo, kisha kichwa kikaanza kujaa maji. Ni ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita kichwa kikubwa tu. Ndani ya bahasha mlikuwa na filamu mbili za CT, moja ya kabla ya upasuaji na nyingine ya miezi kadhaa baadaye. Alitaka kujua jambo moja: je, maji yamepungua? Daktari alikwisha kumweleza, naye alimwamini, lakini alitaka kuona kwa macho yake mwenyewe. Akaja kwangu kwa sababu mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwake mwanafunzi wa historia na mwanafunzi wa udaktari ni watoto wa baba mmoja.

Tuliziweka filamu kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine, jua la asubuhi likipita nyuma yake. Hazikulingana. Katika ya kwanza mtoto alikuwa amelaza kichwa upande kidogo, katika ya pili kichwa kimenyooka, na katikati ya siku hizo mbili mtoto alikuwa amekua. Nikaizungusha ya juu kushoto, nikaishusha, nikatafuta mahali ambapo mfupa ungekaa juu ya mfupa. Ukikaa sawa mbele, nyuma unapishana. Tulihangaika hivyo kwa muda mrefu, mpaka mama mtoto akaniuliza, "Kaka, kwani hivi vichwa ni vya watu wawili?"

Swali lake ndilo limezaa insha hii. Kazi niliyokuwa nikiifanya pale dirishani kwa vidole, wanasayansi wameifanya kwa kompyuta kwa zaidi ya miaka thelathini, na ina historia yake. Nitaiita ulandanishaji: kuzisogeza picha mbili za ubongo mpaka kila nukta ya moja ikae juu ya nukta inayohusiana nayo katika nyingine. Dai langu ni kwamba kila ulandanishaji una kichwa kimoja ambacho hakisogei, na vingine vyote husogezwa kukifuata. Historia ya fani hii, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kukichagua kichwa hicho. Afrika Mashariki uchaguzi huo uliwahi kufanywa vibaya sana kabla kompyuta hazijakuwapo, na kwa hiyo ninaanzia Nairobi.

Mwaka 1934, F. W. Vint, mtaalamu wa patholojia katika maabara ya serikali ya kikoloni mjini Nairobi, alichapisha katika jarida la anatomia la Uingereza makala kuhusu ubongo wa yule aliyemwita mwenyeji wa Kenya. Alikuwa amepima uzito wa ubongo wa maiti, akapata wastani wa gramu 1276. Akauweka wastani huo kando ya gramu 1428, alizozichukua kuwa kipimo cha Mzungu. Akakata pia vipande vyembamba vya gamba la ubongo, akavitazama kwa hadubini, akasema kwamba gamba la Mwafrika ni jembamba zaidi. Nairobi ya wakati ule haikuhitaji kushawishiwa. Mwaka mmoja kabla, 1933, kilikuwa kimeundwa mjini humo chama cha walowezi cha kuchunguza "uboreshaji wa jamii za watu", na H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikuwa akihubiri kwamba elimu ya Kizungu ingeuelemea ubongo wa Mwafrika. Gramu za Vint zilikuta mahubiri yamekwisha kuandaliwa. Miaka ishirini baadaye daktari mwingine aliyefanya kazi Mathari, J. C. Carothers, aliandika kijitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kuhusu akili ya Mwafrika, na utafiti ule wa Nairobi ulikuwa miongoni mwa mambo aliyoyarejea. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha taarifa yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Kwa hiyo tunaweza kuufuata mstari kutoka kwenye mizani ya chumba cha maiti hadi kwenye siasa ya dharura, na si mrefu.

Kasoro haikuwa kwenye mizani. Mwaka 1970 Phillip Tobias, mwanaanatomia wa Johannesburg, aliorodhesha mambo 14 yanayoweza kubadilisha uzito wa ubongo kabla hata swali la rangi ya mtu halijaulizwa. Mengine ni ya maisha: ukubwa wa mwili, umri wa kufa, lishe ya utotoni, ugonjwa uliomuua mtu. Mengine ni ya chumba chenyewe cha kupimia: saa ngapi zimepita tangu kifo, joto lilikuwaje, utando na maji vilitolewa au vilibaki, na uti wa mgongo ulikatwa mahali gani. Hilo la mwisho lilinisimamisha niliposoma. Kama huku mtu anakata juu kidogo na kule mwingine anakata chini kidogo, basi wamepima vitu viwili vyenye jina moja. Kabla ya kulinganisha, mtu lazima athibitishe kwamba anapima mahali palepale. Vint aliiruka hatua hiyo, na hatua hiyo ndiyo inayoitwa ulandanishaji.

Aliyeishughulikia kwa uzito alikuwa daktari wa Paris, naye alikuwa na sababu nyingine kabisa. Jean Talairach wa hospitali ya Sainte-Anne alitaka kuingiza sindano ndani ya ubongo wa mgonjwa aliye hai bila kuuona. Picha za eksrei za wakati wake zilionyesha mfupa tu. Zilichoweza kuonyesha, ukiingiza hewa au dawa kwenye vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo, ni umbo la vyumba hivyo, na pembeni mwa vyumba kuna viungo viwili vidogo vya nyuzi, kimoja mbele na kimoja nyuma. Talairach alichora mstari kati ya viungo hivyo viwili. Kutoka mstari huo aliugawa ubongo katika visanduku, na visanduku vikaongezeka au kupungua kulingana na ukubwa wa kichwa cha mgonjwa. Mwenye kichwa kikubwa na mwenye kichwa kidogo wakawa na anwani zilezile.

Wakazi wa Kyebando watamwelewa upesi. Hapa hakuna anayemwelekeza mgeni kwa namba ya nyumba. Unaambiwa ushuke kwenye teksi pale stejini, upite msikiti, uhesabu njia mbili. Tunashika alama mbili ambazo kila mtu anazijua na kupima vingine vyote kutoka hapo. Talairach alifanya vivyo hivyo ndani ya fuvu.

Atlasi yake ya kwanza ya aina hii ilitoka 1967, na ile iliyoenea duniani kote aliitoa 1988 pamoja na Pierre Tournoux. Michoro ya atlasi ya 1988 ilitokana na ubongo mmoja, wa mwanamke Mfaransa aliyefariki akiwa na umri wa miaka 60. Tena ni upande mmoja tu wa ubongo wake uliochorwa, na wa pili ukachukuliwa kuwa kivuli cha kwanza katika kioo. Mwaka 1985 Peter Fox na wenzake, huko St. Louis, Marekani, walikuwa wamekwisha kuonyesha jinsi anwani za Talairach zinavyoweza kutumika kwa picha za PET za watu wenye afya, na baada ya miaka michache watafiti wa kila pembe wakawa wanaandika matokeo yao kwa namba tatu za anwani hizo. Mama yule, ambaye jina lake halijaandikwa popote nilipopita, akawa kichwa kisichosogea. Mwanafunzi wa miaka ishirini aliyekuwa akisoma orodha ya maneno ndani ya mashine alipewa anwani katika kichwa cha ajuza wa Paris. Sidhani kuna aliyekusudia hivyo. Talairach aliandika kwa ajili ya wapasuaji, nao walikuwa na mgonjwa mbele yao wa kuwasahihisha.

Wakati huohuo picha zenyewe zilikuwa zimebadilika. Mwafrika Kusini Allan Cormack, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Cape Town, alianza mwaka 1956, akisaidia katika hospitali ya Groote Schuur, kufikiria jinsi ya kukokotoa kilichomo ndani ya mwili kutokana na miale iliyopita pande nyingi. Alichapisha hesabu zake 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyezijali. Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza, aliifikia njia yake bila kumjua Cormack, na tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza akapigwa picha ya ubongo kwa CT. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Kwa mara ya kwanza ubongo wa mtu hai ulikuwa jedwali la namba, na namba zinaweza kuzungushwa na kompyuta.

Haja ya kuzungusha ilikuja wagonjwa walipoanza kuwa na picha za aina zaidi ya moja: CT inayoonyesha mfupa vizuri, MRI inayoonyesha nyama ya ubongo, PET inayoonyesha sehemu zinazofanya kazi. Mwaka 1989 Charles Pelizzari na George Chen wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa njia ambayo watu waliipa jina la kichwa na kofia. Umbo la nje la kichwa hutolewa katika picha moja. Nukta za umbo hilohilo katika picha nyingine huwa kofia. Kompyuta huivalisha kichwa kofia, kisha huisogeza na kuizungusha mpaka nafasi iliyobaki kati yao iwe ndogo kabisa. Aliyewahi kujaribu kofia ya kiua dukani anajua raha na udhaifu wa njia hii. Kichwa kikiwa cha mviringo, kofia inakaa vizuri pande zote, huwezi kujua mbele ni wapi. Na watoto wenye maji kichwani, kama yule wa jirani yangu, vichwa vyao ni vya mviringo.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nadhani wanafunzi wa lugha wataipenda pia. Tatizo la CT na MRI ni kwamba hazisemi lugha moja. Mfupa ni mweupe katika CT na mweusi katika MRI. Huwezi kuiambia kompyuta, "Tafuta mahali ambapo rangi zinafanana," kwa kuwa hazitafanana kamwe. Mwaka 1995 makundi mawili yalipata jibu lilelile bila kushauriana: Paul Viola na William Wells huko MIT, Marekani, na Frederik Maes, André Collignon na wenzao huko Leuven, Ubelgiji. Tuseme una hati mbili za habari moja, moja ya Kiganda na moja ya Kiswahili, nawe hujui Kiganda hata neno. Ukizipanga vizuri aya kwa aya, utaona kwamba kila mara neno "maji" linapotokea upande wa Kiswahili, upande wa pili linarudi neno "amazzi". Ukizipanga vibaya, uhusiano huo unapotea, kila neno linakaa kando ya neno lolote. Kompyuta basi haihitaji kujua maana. Inasogeza hati mpaka kila neno la upande mmoja liweze kukisiwa vyema kutokana na neno la upande wa pili. Wao waliipima hali hiyo ya kukisika kwa kipimo kutoka nadharia ya habari, wakakiita taarifa ya pamoja, na mpaka leo kipimo hicho kimo ndani ya programu nyingi za hospitali.

Je, njia hizi zilikuwa za kweli? Chuo Kikuu cha Vanderbilt, chini ya Michael Fitzpatrick, kiliendesha jaribio ambalo ripoti yake ilitoka 1997. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji walikuwa wametiwa alama ndogo zilizofungwa kwenye mfupa wa fuvu, hivyo jibu sahihi lilijulikana. Alama zikafutwa katika picha, picha zikatumwa kwa makundi mbalimbali, kila kundi likatuma jibu lake, ndipo majibu yakapimwa. Njia za taarifa ya pamoja zilifanya vizuri. Waandaaji walisisitiza hata hivyo kwamba njia hizi hukosea mara mojamoja, na zikikosea kompyuta haipigi kelele. Lazima mtu atazame.

Mpaka hapo tunazungumzia mtu mmoja na picha zake. Kichwa kisichosogea ni chake mwenyewe, na hakuna ugomvi. Ugomvi unarudi tunapotaka kuwalandanisha watu wengi.

Montreal, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Alan Evans, Louis Collins na wenzao waliona kwamba mwanamke mmoja wa miaka 60 hawezi kuwawakilisha watu wote. Wakachukua picha za MRI za watu 305, wakazilandanisha na atlasi ya Paris, wakatafuta wastani. Kikatokea kichwa ambacho si cha mtu yeyote, chenye ukungu pembeni, nacho kikawa kiolezo cha dunia nzima. Pamoja na matoleo yaliyokifuata, kiliingia kwenye programu ya SPM iliyoanzishwa na Karl Friston jijini London na kwenye nyingine nyingi zinazogawiwa bure. Wale 305 walikuwa wanaume 239 na wanawake 66, vijana wa wastani wa miaka 23 na ushei. Kutoka ajuza mmoja wa Paris tumefika kwa mamia ya vijana wa Montreal. Ni hatua, sikatai. Lakini mwanafunzi wa Kampala anayefungua programu hiyo leo anakikuta kichwa hicho kimekwisha kuwekwa ndani, na haulizwi kama anakitaka.

Pale dirishani nilikuwa na mienendo mitatu tu: kushoto au kulia, juu au chini, na kuzungusha. Kichwa chenye kina kina sita. Ukiruhusu pia kukuza na kulaza upande, unafika 12, na vichwa vya watu tofauti bado havilandani. Kwa hiyo watafiti wakaruhusu kila nukta isogee kivyake, kana kwamba ubongo ni donge la unga. Mwaka 1998 Jean-Philippe Thirion wa Ufaransa alitoa njia aliyoiita ya mashetani, akimkumbuka shetani wa mwanafizikia Maxwell: kwenye kila mpaka wa picha amesimama shetani mdogo anayeisukuma picha ya pili iingie ndani au itoke nje. Jina lilipendwa, na njia ikaenea. Mwaka 2008 Brian Avants na wenzake huko Pennsylvania walitoa njia nyingine ambayo haikupewa jina la kuchekesha, lakini kwa insha hii ndiyo yenye uzito zaidi. Katika njia nyingi za awali, ukimsogeza A kumfuata B unapata jibu moja, na ukimsogeza B kumfuata A unapata jingine. Anayeitwa wa kwanza ana faida. Avants aliziamuru picha zote mbili zisafiri, zikakutane katikati ya njia. Ukizibadilisha nafasi, jibu ni lilelile. Mwaka uliofuata Arno Klein na wenzake walizipima njia 14 za kupinda kwa picha 80 za ubongo zilizochorwa mipaka kwa mkono, na hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza.

Avants alikuwa akitafuta usahihi, hakuwa akiandika kuhusu ukoloni. Hata hivyo mtu aliyetoka kusoma gramu za Nairobi hawezi kuipita habari hiyo bila kutua. Mizani ya Vint ilitoa tofauti kama daraja, huyu juu na yule chini. Ulandanishaji wa kukutana katikati unatoa tofauti kama safari: nukta hii ilisogea milimita tatu huku, ile mbili kule. Wachina walipotengeneza atlasi yao mwaka 2010, na watafiti wa Hyderabad, India, walipotengeneza ya kwao miaka iliyofuata, walikuta kweli vichwa vya watu wao vina umbo tofauti na kiolezo cha Montreal. Hakuna aliyetoka hapo na hoja kuhusu nani apewe shule. Walitaka tu picha zao zisipindwe kupita kiasi.

Sasa Mbale. Hospitali ya watoto ya CURE ilifunguliwa huko mwanzoni mwa karne hii, na mpasuaji Mmarekani Benjamin Warf, aliyefanya kazi hapo miaka ya mwanzo, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliokuja na maji kichwani walikuwa wameyapata baada ya maambukizi ya utotoni. Katika nchi tajiri mtoto kama huyo hutiwa mrija wa kuyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni. Mrija ukiziba usiku, na wewe uko kijijini Karamoja, mtoto hufa. Warf alifanya upasuaji wa kupitisha kamera ndogo ndani ya ubongo, kutoboa njia mpya ya maji na kuunguza tishu inayoyatengeneza. Je, upasuaji huo ulikuwa mzuri kwa ubongo sawa na mrija, au ulikuwa dawa ya maskini? Swali hilo lilijaribiwa kwa watoto 100 wenye umri chini ya miezi sita, 51 upande mmoja na 49 upande wa pili, na matokeo yakachapishwa Desemba 2017 katika jarida la udaktari la New England, Waganda John Mugamba, Peter Ssenyonga na Edith Mbabazi-Kabachelo wakiwa miongoni mwa waandishi. Baada ya mwaka mmoja hakukuonekana tofauti ya maana katika ukuaji wa akili, wala katika ujazo wa ubongo.

Ujazo huo ulipimwa katika picha za CT, na hapa historia yote niliyoieleza iligonga ukuta. Katika watoto hawa vyumba vya maji vimejaa mpaka ubongo umebanwa kuwa utando mwembamba kwenye fuvu. Wengine wana usaha wa zamani, wengine maji yamehamia nje ya ubongo baada ya upasuaji, wengine mrija unang'aa katikati ya picha. Hakuna kupinda kutakakokifanya kichwa cha kijana wa Montreal kiwe hivi, wala hivi kiwe kile. Kichwa kisichosogea kilikataliwa na vichwa vilivyotakiwa kukifuata. Steven Schiff, Vishal Monga, Venkateswararao Cherukuri na wenzao wa Pennsylvania, pamoja na Ssenyonga, walichapisha mwaka 2018 njia isiyotegemea kiolezo. Kompyuta hufundishwa kwa mifano iliyochorwa kwa mkono ya watoto hawahawa, kisha huamua kila nukta: huu ni ubongo, haya ni maji, haya ni maji yaliyo nje ya ubongo. Halafu inahesabu.

Kwa hiyo tumerudi kwenye kuupima ubongo wa Mwafrika kwa wingi wake, miaka zaidi ya 80 baada ya Vint. Tofauti ni kwamba mtoto analinganishwa na nafsi yake ya mwaka jana, na na mtoto aliyetibiwa kwa njia nyingine katika hospitali ileile. Nasema hivyo kwa furaha yenye mpaka, maana wastani wa ukuaji uliotumika kusema huyu yuko nyuma kiasi gani ulichorwa kwa picha za MRI za watoto wenye afya wa Marekani. Picha kama hizo za watoto wenye afya wa Busoga au Bugisu hazikuwapo. Ajuza wa Paris bado anatuchungulia.

Kukosekana kwa picha hizo kuna sababu ya fedha, kwani mashine ya MRI ya kawaida hununuliwa na kutunzwa kwa gharama isiyofikiwa na hospitali nyingi. Huko Mbarara, Johnes Obungoloch wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia alikuwa na wazo la kujenga ndogo. Mwaka 2022 vipande vya mashine ya sumaku dhaifu vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi, na walimu wanne pamoja na watu sita ambao hawakuwa na ujuzi wa kazi hiyo wakaiunganisha hapohapo. Tangu mizigo ilipofika hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Picha zake zina ukungu, na kishawishi ni kuiachia kompyuta iusafishe. Joshua Harper na wenzake walionya mwaka 2021 kwamba picha hafifu mara nyingi inatosha kumwongoza mpasuaji wa maji kichwani, ilhali picha iliyosafishwa na kompyuta inaweza kuonyesha umbo ambalo mtoto hana. Kompyuta iliyofundishwa kwa vichwa vya kwingine hujaza ukungu kwa anachokijua.

Jirani yangu sikumweleza haya yote. Wiki iliyofuata nilinunua karatasi ya grafu, nikazibandika filamu dirishani kando kwa kando, kila moja peke yake, nikachora kwa penseli mpaka wa fuvu na mpaka wa maji. Tukahesabu visanduku pamoja, yeye filamu ya kwanza, mimi ya pili, mtoto akivuta karatasi. Katika ya kwanza maji yalichukua zaidi ya nusu ya kichwa. Katika ya pili yalikuwa chini ya nusu. Nilimwambia kwamba ni kipande kimoja tu cha kichwa, kwamba huenda mashine haikukata mahali palepale mara zote mbili, na kwamba wa kuulizwa ni daktari wa Mbale. Alisikiliza. Kisha akaikunja karatasi yake ya grafu, akaitia ndani ya bahasha pamoja na filamu, akasema ataenda nayo siku ya kliniki amwonyeshe.